Saizi ya Kati

Pini nilizishika mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia makosa ya wengine huku mwenyewe nimekaa pembeni na mikono misafi. Mwaka ule nilijua kwamba yule binti anaumwa kabla dada yake hajajua, kabla fundi hajajua, na nikafunga mdomo. Ndiyo maana nikimweleza Bi Msimu kwa watu, simtukani hata pale anapostahili.

Bi Msimu ni jina tulilompa sisi wafanyakazi. Yeye alilijua na akajifanya halijui. Alikuwa wakala wa nguo. Wengi hawaelewi hiyo ni kazi gani, na mume wangu mwenyewe alichukua miaka minne kuelewa. Hakuwa na cherehani hata moja. Hakuwa na duka, na usingeweza kuingia kwake ukanunua gauni ukaondoka nalo. Kiwanda kilimletea sampuli, nguo moja moja ya kila mtindo, akazitundika kwenye shorumu yake. Wenye maduka wakaja kutoka miji yao, wakatazama, wakagusa, wakabishana, wakaandika oda. Kiwanda kikashona kulingana na zile oda, na miezi mitatu baadaye mzigo ukafika madukani. Kwa hiyo alikuwa anaishi mbele ya watu wengine. Jua linawaka, yeye anazungumzia makoti. Ukimsalimia asubuhi anakujibu kwamba msimu huu ni mgumu.

Shorumu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Lifti ilikuwa na maandishi ya "imeharibika" yaliyopigwa kwa rangi ya mafuta, maana yake mwenye jengo hakuwa na nia ya kuitengeneza. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, madirisha yakiwa upande usiopigwa na jua, kwa sababu Bi Msimu alisema jua kali linadanganya rangi. Kulikuwa na reli mbili za chuma za kutundikia nguo, meza ya kuandikia oda, viti sita, kioo kinachofika sakafuni, na nyuma ya pazia palikuwa pangu, mimi na pasi ya mvuke. Mle ndani nilikuwa Mama Pasi, na sidhani kama kuna aliyejua jina langu jingine.

Sanamu za kuvalishia nguo alikuwa nazo mbili, lakini zilisimama uchi kwenye kona, tukazitundikia mikoba yetu. "Mwenye duka hanunui nguo iliyovaliwa na plastiki," alisema. "Anataka aione inakaa, inainuka, inapanda ngazi." Nguo zilivaliwa na mdogo wake, ambaye sote tulimwita Mdogo, ingawa alikuwa na miaka thelathini na moja. Mama yao alifariki Mdogo akiwa darasa la tatu, na Bi Msimu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kazi. Walikaa nyumba moja. Hawakuwa na mtu mwingine.

Mdogo hakuwa mrembo wa kusimamisha magari. Alikuwa na kitu ambacho kwenye biashara hii kina thamani zaidi ya urembo. Miaka tisa nyuma, mkataji wa kiwanda, tuliyemwita Fundi Mkasi, aliwapima wanawake arobaini wa pale kiwandani, kifua, kiuno na nyonga, akatafuta wastani. Siku aliyompima Mdogo, kila namba iligonga palepale. Akacheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo patani ya saizi ya kati, ile karatasi ya kukatia kitambaa, ilikatwa kwa mwili wa Mdogo, na saizi nyingine zote, ndogo na kubwa, zikapandishwa na kushushwa kutoka kwenye hiyo. Ukikosea ya kati, umezikosea zote.

Na baada ya siku ile hakuna aliyempima tena. Kwa miaka tisa tepu ilipita kwenye vitambaa, kwenye patani, kwenye mikono ya makoti. Kwa Mdogo haikupita. Nguo isipomkaa, basi nguo ndiyo imekosea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya shorumu, na nikwambie ukweli, kwa miaka minane na ushee ilifanya kazi vizuri sana.

Mwezi wa pili zikaja sampuli za kwanza. Msimu ule kiwanda kilikuwa kimemwonya Bi Msimu waziwazi: oda zikishuka tena kama mwaka uliopita, nguo watampa wakala mwingine. Kwa hiyo alikuwa na roho juu tangu asubuhi. Mdogo akavaa gauni la kwanza, la bluu, lenye zipu ubavuni, akatoka nyuma ya pazia. Gauni likaning'inia kiunoni.

Bi Msimu hakumtazama Mdogo. Alilitazama gauni, akachukua simu, akaiweka kwenye spika kama kawaida yake, ili aibu ya fundi isikike na wote.

"Fundi, hili gauni umemshonea nani?"

"Nimemshonea Mdogo, kama siku zote."

"Mdogo wa nani? Kiunoni hapa anaingia mtu wa pili na mzigo wake."

"Dada, patani sijaigusa. Ninayo mezani hapa, naipima sasa hivi. Iko vilevile."

"Basi meza yako ndiyo imevimba. Punguza inchi moja."

"Sampuli nikiipima kwa tepu iko sawa, dada."

"Mimi siwauzii tepu, fundi. Nawauzia macho. Punguza."

Fundi akapunguza. Angefanyaje? Kwa miaka tisa yule mama hakuwahi kumwambia punguza ikawa si kweli. Siku ile ya simu Bi Msimu aliniita nibane ile sehemu iliyozidi ili fundi aione ikirudi kiwandani. Nikapiga magoti, pini mdomoni, nikapitisha vidole kati ya kitambaa na mwili. Nilipata mbavu. Sikuzitafuta, zilikuja zenyewe, moja baada ya nyingine, pale ambapo kwa miaka yote vidole vyangu vilikuwa vinakuta nyama. Nikainua macho. Mdogo alikuwa ananitazama kupitia kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

Nilijisemea kwamba labda ni mawazo. Mwanamke wa miaka thelathini na moja hakosi mawazo. Nikamaliza kubana, nikanyanyuka, nikarudi kwenye pasi yangu.

Mwezi wa tatu Mdogo alinifuata nyuma ya pazia wakati dada yake ametoka. Alikuwa amevaa sketi za ndani mbili, moja juu ya nyingine, na chumba kilikuwa na joto la mvuke. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Mama Pasi," alisema, "wewe umejua."

"Nimejua nini, mwanangu?"

"Usinifanyie hivyo."

Nikazima pasi. Akanieleza. Kuna kitu tumboni, upande wa kulia, akikibonyeza kigumu. Chakula kikishuka kinarudi. Alikwenda zahanati peke yake, wakampa barua aende hospitali kubwa akapimwe upesi, na yule tabibu alilipigia mstari neno upesi mara mbili. Barua ilikuwa kwenye mkoba wake. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye mkono wa sanamu.

"Na dada yako?"

"Akijua atafunga shorumu siku hiyohiyo. Unamjua. Atafunga, atakaa na mimi hospitali, na kiwanda kitampa mtu mwingine nguo. Amejenga hapa miaka kumi na nne, mama. Msimu uishe kwanza. Wiki ya maonyesho ikipita, nitakwenda."

"Na kama kitu chenyewe hakingoji?"

Alishika mkono wangu, ule wenye alama za kuungua, akauminya. Alikuwa na hofu, ilionekana wazi, na mimi nilikuwa na hofu pia, lakini ya kwangu haikuwa safi kama yake. Shorumu ikifungwa, na mimi ningerudi kufua nguo za watu majumbani. Niliwaza hivyo. Sitajitetea. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshikwa mkono na mgonjwa, kisha nikamwambia sawa.

Mwezi wa nne sampuli zote zikafika, mitindo ishirini na sita, zikiwa zimekatwa kwa patani mpya. Zikaning'inia tena. Safari hii Bi Msimu alipiga kelele mpaka watu wa matairi wakanyamaza kule chini. Alimwita fundi mlevi, kipofu, mhujumu. Alisema kuna mtu kiwandani anataka kumwangusha. Na ukimwangalia, ungeamini, maana ukishaingiwa na wazo la kwamba kuna anayekuhujumu, kila kitu kinakuwa ushahidi. Inchi moja nyingine ikatoka. Nikabana mimi. Mdogo akanyoosha mikono juu kama mtu anayepekuliwa, akafumba macho.

Siku nne kabla ya maonyesho ikatoka nusu inchi ya mwisho.

Mnaweza kuuliza, huyu dada mtu alikuwa haoni? Mnakaa nyumba moja, mnakula meza moja, huoni? Nimejiuliza sana. Kwanza, Mdogo alikuwa fundi wa kuficha. Alikula mbele ya dada yake, akaenda kutapika bafuni huku bomba likiwa wazi. Pili, mtu unayemwona kila siku humwoni. Na tatu, kazi yenyewe. Bi Msimu alikuwa amejifunza kutazama nguo tu. Angeweza kuona uzi uliolegea kwenye pindo kutoka upande wa pili wa chumba, lakini aliyevaa hilo pindo alikwisha kumtoa machoni, kama unavyoacha kuiona henga iliyobeba nguo. Hakuwa na roho mbaya. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyojipenda mwenyewe, na alimtazama kutwa nzima bila kumwona.

Wiki ya maonyesho ilikuwa ya kutisha kwangu na ya sherehe kwa wengine wote. Wenye maduka walikuja wawili wawili, wakahema kwenye ngazi, wakailaani lifti, wakapewa maji na kukaa. Bi Msimu alisimama kando ya reli. Alikuwa anatazama mikono yao tu. Anayesifu kwa mdomo hanunui, alinifundisha. Anayegusa kitambaa, akaondoka, kisha akarudi kukigusa tena, huyo mpelekee kalamu. Mdogo akapita mbele yao, akageuka, akakaa, akainuka. Mara ishirini na sita kwa kila kundi. Akirudi nyuma ya pazia anajiegemeza kwenye meza yangu ya pasi, anahesabu pumzi, namvisha nyingine.

Na watu walimsifu! Hilo ndilo lililonikata maini. Mteja wetu mkubwa, mama mmoja mnene mcheshi tuliyemwita Mama Jumla kwa sababu hakununua chochote chini ya dazeni kumi, alimshika Mdogo kidevu.

"Mwanangu umependeza, umekuwa kama mche! Hebu tuambie siri. Unakula nini?"

"Sili," Mdogo akajibu.

Chumba kizima kikacheka. Bi Msimu akacheka kuliko wote, kwa sababu Mama Jumla alikuwa tayari ameshika kalamu.

Oda zilivunja rekodi. Kiwanda kilipiga simu kupongeza. Siku ya mwisho Bi Msimu alituletea keki, akatukumbatia mmoja mmoja, na alipomkumbatia Mdogo nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa, sasa mikono yake itamwambia. Lakini alikuwa anaongea na simu juu ya bega la mdogo wake, akimjibu mteja kuhusu vifungo.

"Haya, msimu umeisha," nilimwambia Mdogo jioni ile tukikusanya henga. "Kesho hospitali."

"Mzigo ukifika, mama. Bado kidogo. Nikienda sasa watasema nini? Wataniambia kitu, halafu nitakuwa nakijua."

Hapo nikaelewa kwamba haikuwa tena habari ya shorumu. Alikuwa anaogopa tu, kama mtoto anavyoogopa sindano, na msimu ulimpa mahali pa kujificha. Nilipaswa kwenda kwa dada yake saa ileile. Badala yake nilimkumbusha mara mbili, mwezi wa sita na mwezi wa saba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayedai ungo wake kwa jirani. Aliahidi mara zote mbili.

Mwezi wa nane mzigo ukafika madukani, na simu zikaanza. Duka la kwanza lilisema saizi ya kati haifungi. La pili likasema kubwa inafunga kwa aliyekuwa akivaa ya kati, na hata hivyo asipumue. Siku ya tatu Mama Jumla alipanda ngazi mwenyewe na mafurushi mawili, akayatupa mezani.

"Mimi nimeagiza nguo za watu," alisema, akihema. "Za vijiti nani ameagiza? Nimemvisha binti yangu, saizi ya kati tangu azaliwe, amekwama kwapani. Tumemtoa kwa kuvutana na wapita njia!"

Safari hii Bi Msimu hakuiweka simu kwenye spika. Alimwita Fundi Mkasi aje, na afike na patani.

Alifika baada ya saa moja, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akiwa na bahasha kubwa ya kadibodi. Alisogeza mafurushi, akalaza mezani patani ya zamani, ile ya miaka tisa. Juu yake akalaza ya mwezi wa pili, juu yake ya mwezi wa nne, juu yake ya mwisho, akizipanga mstari wa katikati ukae juu ya mstari wa katikati. Zikaonekana kingo nne, kila moja imeingia ndani ya mwenzake. Kwenye kila moja alikuwa ameandika kwa penseli tarehe, na chini yake: "kwa agizo la shorumu."

"Inchi mbili na nusu," alisema. "Kila moja uliagiza wewe, dada. Mimi patani yangu haikuwa na kosa. Nilikwambia."

"Lakini zilikuwa zinamlegea," Bi Msimu alisema. "Niliona kwa macho yangu. Mama Pasi si ulibana wewe? Si zilikuwa zinamlegea?"

"Zilimlegea," nilisema.

Bi Msimu alitazama zile kingo nne kwa muda mrefu. Kisha akageuka akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na koti mabegani, mchana wa joto.

Alichukua tepu shingoni mwa fundi. Alikwenda polepole, akamwambia, "Simama, mdogo wangu." Mdogo akasimama. Akamvua koti. Akamvua sketi ya juu, akakuta nyingine, akaivua, akakuta ya tatu. Akamzungushia tepu kiunoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, akainama kusoma namba. Akaisoma, akaisoma tena. Mama Jumla alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Vaa viatu," Bi Msimu alisema. "Twende."

Hospitali tulimaliza siku tatu za vipimo. Siku ya nne daktari alituita chumbani kwake, Bi Msimu na mimi, Mdogo akiwa amelazwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anaandika huku anauliza. Aliuliza maumivu yalianza lini, na Bi Msimu hakujua. Akauliza kutapika kulianza lini, hakujua.

"Na kupungua? Mlianza kuona lini kwamba anapungua? Hata kwa kukadiria tu."

"Mwezi wa pili, tarehe tisa," Bi Msimu alisema. "Inchi moja. Mwezi wa nne, tarehe kumi na tatu, inchi nyingine. Mwezi wa tano, tarehe mbili, nusu inchi."

Daktari aliacha kuandika. "Mlikuwa mnampima?"

"Tulikuwa tunapima nguo."

Nadhani hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Alisema kwamba mwezi wa pili, hata wa tatu, angempeleka chumba cha upasuaji, na angekuwa na matumaini. Sasa kitu kilikuwa kimesambaa mpaka kwenye ini. Alichoweza kufanya ni kumpunguzia maumivu, na alisema atafanya hivyo vizuri. Kisha akauliza kama mgonjwa aliwahi kuonwa na daktari yeyote kabla ya wiki hii.

"Hapana," Bi Msimu alisema.

"Alikwenda zahanati," nilisema mimi. "Mwezi wa tatu. Walimwandikia barua."

Sijui kwa nini ulimi uliachia pale, wakati hausaidii tena kitu. Bi Msimu alinigeukia. Nilisubiri anipige, na nilitaka anipige. Tulitoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini, watu wakipita na vikapu vya chakula.

"Alikuwa anaogopa?" aliniuliza hatimaye.

"Ndiyo, dada. Alikuwa anaogopa sana."

"Na mimi nilikuwepo palepale."

"Ulikuwepo."

Alitikisa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja, akainuka. Aliingia wodini na kufunga mlango. Mimi sikuitwa, nikabaki kwenye benchi mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.